Daktari Livingstone: Mazoea na Maradhi



Mhariri ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Nimemchagua Daktari David Livingstone. Najua kwamba habari zake kila mmoja wetu alizisoma darasani, lakini ninazo sababu mbili. Ya kwanza, mimi ni mwana wa Nchelenge, katika nchi ya Zambia, na mzee huyu alipita katika ufuko wa ziwa letu la Mweru mwaka 1867. Ya pili, kwa kuyatazama maisha yake nimejifunza jambo ambalo ningalilijua nilipokuwa bwenini, nisingalimtendea mwenzangu ubaya nitakaousimulia hapa chini.

Kwetu Nchelenge watu huvua samaki. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi huenda na taa kuvua chisense, dagaa wetu wadogo, na asubuhi mchanga wote wa Kashikishi humeta kwa samaki walioanikwa. Kiswahili nilianza kukisikia pale ufukoni, kwa wachuuzi wavukao ziwa kutoka Pweto na Kilwa, upande wa Kongo. Nilikaa kwa mjomba wangu, naye alikuwa na mazoea yake. Kabla ya kusukuma mtumbwi alizitikisa taa zote, moja moja, akashika fundo la kamba ya nanga mara tatu, akahesabu makasia ijapokuwa yalikuwa mawili tu. Sisi watoto tulicheka. Lakini akiisha kufanya hayo aliingia mtumbwini akiimba, wala hakuyakumbuka tena mpaka kesho yake. Mimi pia nina yangu: siwezi kulala kabla sijasukuma mlango mara mbili, hata kama nimeufunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa tumtazame Livingstone. Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre huko Scotland, katika jamaa ya watu maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alitiwa katika kiwanda cha pamba, akafanya kazi toka saa kumi na mbili ya asubuhi mpaka saa mbili ya usiku. Katika mshahara wake wa juma la kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Alikiegemeza kitabu juu ya mtambo wa kusokotea nyuzi, na kila alipopita mbele yake alisoma sentensi moja, akaenda, akarudi, akasoma nyingine. Usiku aliendelea kusoma hata mama yake akaja kumnyang'anya kitabu ili alale. Hapo ndipo ilipoanza tabia yake: jambo alilolishika hakuliacha.

Alisomea uganga na dini, akatumwa Afrika ya Kusini, akafika mwaka 1841. Mwaka 1844 simba alimrukia, akauvunja mfupa wa mkono wake wa kushoto, nao haukuunga vema mpaka kufa kwake. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat. Tangu mwaka 1853 mpaka 1856 alivuka bara kutoka magharibi hata mashariki. Alipofika Luanda, katika pwani ya Atlantiki, alikuwa taabani kwa homa, na nahodha wa Kiingereza alitaka kumchukua kwao kwa meli. Akakataa, kwa sababu alikuwa ameahidi kuwarudisha kwao Wakololo waliosafiri naye. Akageuka, akatembea tena nchi ile ile. Novemba 1855 akayaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya.

Katika safari hizo zote aliandika. Aliandika mvua, joto, majina ya miti, vipimo vya nyota, desturi za watu, bei ya vitambaa, na maradhi yake mwenyewe. Mtu akisoma madaftari yake huweza kudhani kwamba mtu huyu alisukumwa na nguvu asiyoweza kuizuia. Ndivyo alivyodhani mwalimu wetu mmoja, akatuambia kwa mzaha kwamba Livingstone alikuwa mgonjwa wa kuandika. Je, ni kweli? Tufuatane naye hata Mweru, kisha tuamue.

Mwaka 1866 alitoka Unguja, akashuka Mikindani, akaingia bara kwa njia ya Ruvuma. Alitaka kuikomesha biashara ya watumwa, na tena alitaka kugundua chemchemi za mto Nile. Safari hiyo ilianza kuharibika mapema. Wanyama wa kubeba mizigo walikufa. Watu wengi walimtoroka. Na mwezi wa Januari 1867 mtoro mmoja alikwenda na sanduku lake la dawa. Tangu siku ile hakuwa na kwinini ya kujitibu homa, naye ni mganga.

Tarehe 8 Novemba 1867 aliliona Ziwa Mweru kutoka upande wa kaskazini. Kisha akashuka kwa upande wa mashariki, akavuka mto Kalungwishi, akaenda mpaka mji mkuu wa Mwata Kazembe, akafika tarehe 21 Novemba. Kwa hiyo alipita upande huu huu wa ziwa ambako leo ipo Nchelenge. Na hapa ndipo lilipo jambo linalonipendeza kuliko yote. Alikaa na wavuvi akawauliza majina ya samaki wa ziwa. Wakamtajia aina 39, naye akaziandika zote, jina kwa jina. Fikirini: mtu mzima aliyechoka, aliyeibiwa dawa, anaandika majina ya samaki 39 katika lugha isiyo yake! Mjomba wangu nilipomsimulia hayo alisema kwamba mgeni huyo alikuwa mvuvi, ila wavu wake ulikuwa wa karatasi.

Livingstone aliona pia kwamba mto Luapula unaingia Mweru upande wa kusini, na mto mwingine unatoka upande wa kaskazini kwenda kuungana na Lualaba. Akaamini kwamba Lualaba ndio Nile. Wazo hilo likamshika. Tarehe 18 Julai 1868 alifika Ziwa Bangweulu akiwa na watu wachache tu, maana wengine walikataa kumfuata. Aliwaza juu ya chemchemi nne alizozisoma katika kitabu cha Herodoto, Myunani wa kale, akataka kuziona kwa macho. Mwaka 1870, katika nchi ya Manyema, vidonda vya miguu vilimlaza kwa miezi mingi, naye katika muda aliokaa nchini humo aliisoma Biblia yote mara nne. Karatasi zilipokwisha aliandika juu ya magazeti ya zamani, na wino ulipokwisha alitengeneza mwingine kwa maji ya matunda ya mti. Wino huo ulififia sana, hata karibu na mwaka 2011 wataalamu walitumia mianga ya rangi mbalimbali ili waweze kuusoma. Katika karatasi hizo aliandika mauaji aliyoyaona sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, wafanya biashara ya watumwa walipowapiga watu risasi, wengi wao wakiwa wanawake. Habari hizo zilipofika Uingereza zilisaidia kuwaamsha watu, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Basi, yule mwenzangu. Tulipokuwa kidato cha pili alikuwako bwenini kijana mmoja, ambaye jina lake sitalitaja. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko sisi sote. Alianza kwa kunawa mikono mara nyingi, nasi tukamsifu kwa usafi. Baadaye alinawa mpaka ngozi ikapasuka na kutoka damu. Usiku aliamka kuangalia kufuli la sanduku lake, akalala, akaamka tena, mara kumi, mara ishirini. Tulipokwenda chakulani alirudi njiani kutazama kama amefunga. Nilimwuliza mara moja kwa nini anafanya hivyo, akaniambia kwamba anajua kufuli limefungwa, ameliona, lakini moyo wake unamwambia kwamba asiporudi, mama yake atakufa. Alilia aliponiambia. Nami, kwa upumbavu wa ujana, nikamtungia jina la mzaha, likaenea shule nzima. Wengine walisema amerogwa. Siku ya mtihani wa mwisho wa mwaka alirudi bwenini mara nyingi hata mlango wa chumba cha mtihani ukafungwa. Muhula uliofuata hakuja.

Miaka mingi baadaye niliugua, nikamsimulia daktari mmoja mambo hayo. Akanieleza kwamba yule hakuwa mwenye mazoea tu wala hakurogwa. Alikuwa na ugonjwa wa mawazo yanayojilazimisha na matendo ya kurudiarudia. Watu wa pwani wanaufahamu tangu zamani kwa jina la wasiwasi. Wamewaona waumini wanaotawadha tena na tena, sala ikawapita, kwa hofu kwamba maji hayakufika. Ugonjwa huu huwapata watu wa kila taifa na kila dini, kati ya mmoja na watatu katika kila watu 100, na mara nyingi huanza katika ujana, yaani umri wenu ninyi msomao gazeti hili.

Daktari alinipa mizani tatu za kupimia. Ya kwanza: wazo lenyewe ni la nani? Mwenye mazoea hulipenda jambo lake au haliudhiki nalo. Mgonjwa hulichukia, wazo humvamia kama mwizi, naye hujua kwamba ni la upuuzi, lakini haliondoki. Ya pili: tendo lina kazi gani? Mjomba alitikisa taa ili ajue kama zina mafuta. Kijana wetu alishika kufuli ili mama asife, na kufuli halina habari na uhai wa mtu. Ya tatu: linakula muda gani, na mtu akizuiwa itakuwaje? Mambo hayo yakila saa nzima au zaidi kwa siku, yakamharibia mtu masomo, kazi au usingizi, hayo ni maradhi. Mimi nikisukuma mlango mara mbili nalala. Yeye kila alipoangalia alipata raha ya dakika moja tu, kisha shaka ikarudi na nguvu zaidi.

Sasa mpime Livingstone. Wazo la Nile lilikuwa lake. Alilipenda, akalitetea mbele ya watu. Kuandika kwake kulikuwa na kazi: ramani, elimu, na ushahidi juu ya utumwa. Hata kuzuiwa hakukumtia hofu. Homa ilimpotezea hesabu ya siku, na Henry Morton Stanley alipomkuta Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, tarehe za madaftari yao hazikulingana. Mgonjwa wa wasiwasi angalitaabika sana kwa siku zilizopotea. Yeye aliendelea tu na kazi yake. Kwa mizani zote tatu, mwalimu wetu alikosea. Livingstone alikuwa mtu wa mazoea na mwenye nia ngumu, hakuwa mgonjwa wa aina hii.

Lakini msidhani kwamba jambo likiwa si ugonjwa, basi halina madhara. Nia ile iliwagharimu wengine. Watoto wake walikua bila kumwona baba yao kwa miaka mingi. Mkewe Mary alimfuata katika safari ya Zambezi, akafa kwa homa huko Shupanga mwezi wa Aprili 1862. Stanley alimsihi warudi Uingereza pamoja, akakataa. Tena katika neno kubwa alilolifia alikuwa amekosea: mwaka 1877 Stanley aliufuata mto Lualaba hata bahari ya Atlantiki, ikajulikana kwamba ni mto Kongo. Maji ya Mweru yetu hayaendi Misri kamwe. Mtu wa namna hii hahitaji dawa. Ahitaji rafiki wa kumwambia kweli, na masikio ya kusikia.

Na kama mwataka kumwona mtu mashuhuri aliyekuwa na maradhi yenyewe, wataalamu wengi humtaja John Bunyan, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1628, mtengenezaji wa sufuria, ambaye kitabu chake cha safari ya Mkristo cha mwaka 1678 kimefasiriwa katika lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kimo. Katika ujana wake alipenda kupiga kengele za kanisa, kisha akaona ni dhambi, akaacha. Lakini alikwenda kutazama wengine wakipiga. Mara likamjia wazo kwamba kengele itamwangukia. Akasimama chini ya boriti. Akawaza kwamba kengele itagonga ukuta na kumrudia, akasogea mlangoni. Akawaza kwamba mnara wote utaanguka, akakimbia. Baadaye mawazo ya kumkana Mwokozi wake, ambayo aliyachukia kuliko kifo, yalimjia mchana na usiku, naye akayajibu kwa maneno na hata kwa kusukuma kwa mikono. Haya yote aliyaandika mwenyewe mwaka 1666, alipokuwa kifungoni kwa ajili ya kuhubiri. Mwaona tofauti: Livingstone aliikimbilia Nile yake, Bunyan alizikimbia kengele zake. Hata hivyo Bunyan hakuwa mjinga wala mwovu, na ugonjwa haukumzuia kuandika kitabu kilichosomwa duniani kote.

Livingstone aliachana na Stanley mwezi wa Machi 1872, na Agosti akatoka Tabora kwenda tena Bangweulu. Saa zake za kupimia hazikuwa sahihi, akapotea katika vinamasi wakati wa masika, huku akitokwa damu tumboni. Watu wake walimbeba kwa machela. Bado aliandika. Maneno yakawa machache, kisha siku nyingine ikawa tarehe peke yake. Neno la mwisho ni la tarehe 27 Aprili 1873. Karibu na tarehe 1 Mei, kijijini kwa Chitambo, watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Chuma na Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti wa mpundu. Maiti waliikausha, wakaichukua kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Huko London ilitambuliwa kwa mfupa ule uliovunjwa na simba, ikazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Jacob Wainwright, mmoja wa wale waliomchukua, aliandika orodha ya vitu vyote vya marehemu, na madaftari yakahifadhiwa. Kama si wao, majina ya samaki 39 wa Mweru yangalioza Chitambo.

Nimalize habari ya mwenzangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa sokoni Kashikishi nikinunua chisense, nikamwona akipima magunia. Tulikumbatiana. Aliniambia kwamba alipelekwa kwanza kwa waganga wengi, jamaa zake wakauza nyavu na ng'ombe, bila faida. Mwisho alipata daktari wa magonjwa ya akili. Alipewa dawa ya jamii ya fluoksetini, na akafundishwa kidogo kidogo kushika kufuli mara moja tu kisha kuondoka, akaiache hofu ije, ipande, na ishuke yenyewe bila kuitii. Matibabu hayo ya kuikabili hofu yalianzishwa London na mtaalamu Victor Meyer katika miaka ya 1960, nayo yamewasaidia wengi. Mwenzangu alisema kwamba mawazo hayajakoma kabisa, lakini sasa yeye ndiye mwenye nyumba, nayo ni wageni. Nikamwomba radhi kwa lile jina la mzaha. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba kufuli lilimwuma, lakini jina lilimwuma zaidi. Kisha akanizidishia kipimo cha samaki.

Basi, wadogo zangu, bwenini kwenu yumo bila shaka mwenye kuhesabu ngazi, na mwenye kupanga kalamu zake sawasawa, na mwenye kugusa nguzo ya lango kabla ya mtihani. Hao waacheni na mazoea yao; hata Livingstone alikuwa nayo. Lakini mkimwona mwenzenu anarudi mlangoni mara ya ishirini na machozi yamemlenga, msimcheke, msimtungie jina, wala msiseme amerogwa. Mwendeeni mwalimu mnayemwamini, mkamwambie, ili apelekwe hospitali mapema. Na kama mwenye taabu hiyo ni wewe mwenyewe usomaye, jua kwamba huna kichaa wala huna dhambi. Unao ugonjwa wenye jina na wenye matibabu. Usiufiche kama nilivyomlazimisha mwenzangu kuuficha.

Kwaherini. Nami sasa nakwenda kufunga mlango wangu, mara mbili.